Mgonjwa wa Hesabu

Wiki jana nilishinda Nakuru mjini nikipanda na kushuka ngazi, natafuta mtu wa kumwongezea binti yangu hesabu. Yuko gredi ya kumi, na maswali ya darasani anayamaliza mwalimu akiwa bado anayaandika ubaoni. Hilo lisingenisumbua, ila siku hizi ameanza kuficha majibu. Jibu analo, lakini ananyamaza mpaka mwingine akosee kwanza, ili wenzake wasimwite kompyuta. Aliponiambia hivyo jikoni, huku akikata sukuma wiki kana kwamba ni jambo la kawaida, moyo uliniuma. Mtoto akijizoeza kutojua, mwishowe hajui kweli.

Nikaanza na shuleni kwake. Mwalimu aliyenipokea alifungua matokeo kwenye simu, akayatazama, akanitazama na mimi. "Mama, huyu yuko juu kabisa. Sasa shida iko wapi?" Nikaenda mahali pa masomo ya ziada, orofa ya tatu, juu ya duka la viatu. Kijana niliyemkuta pale alikuwa na adabu zake. Akanieleza kwamba wao wanashughulika na wale walio chini. "Lakini usijali, mathe," akasema akinisindikiza mlangoni. "Akianza kuanguka, mlete."

Nilicheka kwenye zile ngazi hadi askari wa mlangoni akaniuliza kama niko sawa. Nilikuwa sawa. Nilikuwa nimemkumbuka nyanya yangu, nikaona kosa langu lilikuwa wapi. Mimi nilikuwa nazunguka mji mzima nikisifu mtoto. Nyanya, alipokuwa na mzigo huu huu, hakusifu mtu.

Nililelewa naye Rongai, ile ya Nakuru. Mama yangu alipika katika hoteli moja ya madereva wa malori kule Salgaa, na tulimwona Jumapili kwa Jumapili. Kwetu kulikuwa na ng'ombe mmoja mkorofi, shamba la mahindi lililofika hadi kwenye reli, na jiko la kuni lililofuka moshi mpaka nguo zote zikanuka githeri, mahindi na maharagwe yetu ya kila siku. Kazi zangu zilikuwa kuchota maji, kukata nyasi na kupukuchua mahindi ya kusaga. Kupukuchua ndiyo niliyoipenda. Kidole gumba kinafanya kazi, punje zinaanguka kwenye beseni tiki tiki tiki, na kichwa kinabaki huru kucheza na namba. Nilikuwa nazo nyingi kichwani, na hakuna aliyeziulizia.

Shule yangu ya upili ilikuwa ndogo, ya kutwa, ya mabati. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa kijana mwenye moyo, na chaki haikukosa kwenye mfuko wa koti lake. Nilipokuwa kidato cha pili aliishiwa na vya kunipa. Alinipa vitabu vya kidato cha tatu, kisha vya nne, kisha akanipa vyake vya chuo, na viwili kati ya hivyo vilikuwa vimeliwa na panya. Mwishowe akafanya jambo lililotutetemesha nyumbani. Alimwita nyanya shuleni.

Wewe mwenyewe unajua, siku zile mzazi hakuitwa shuleni kwa habari njema. Nyanya alivaa gauni la kanisani na kitambaa cha kichwa cha chama cha akina mama. Njiani akaniuliza kama nina mimba. Nikasema sina. Tulipofika kwenye posho mill ya kusagia unga akaniuliza kama nimeiba. Nikasema sijaiba. Akavuta pumzi, akasema basi tutajua huko mbele.

"Shosho," mwalimu akamwambia, "huyu mtoto hesabu zangu hazimtoshi. Mimi nimefika mwisho. Mtafutieni mtu wa nje amsaidie, la sivyo atapoa."

"Atapoa kama chai?"

"Kama chai, shosho."

Nyanya aliyachukua maneno hayo hadi nyumbani. Hakujua chuo kikuu kiko wapi wala nani anauza hesabu. Alijua mahali pamoja tu pa kutafutia kitu usichokuwa nacho, na hapo palikuwa kanisani.

Kanisa letu lilikuwa na nafasi mbili za washirika kusimama na kusema. Ya kwanza ilikuwa ya maombi. Hapo ulileta shida: mguu wa mtoto, ng'ombe aliyepotea, mume aliyepotelea Nairobi. Ya pili ilikuwa ya shukrani, na hiyo ulikuja nayo na kuku au debe la viazi. Nafasi ya mtu mwenye mjukuu anayejua mno haikuwako. Nyanya akasimama kwenye maombi.

"Mjukuu wangu ana shida ya hesabu," akasema. "Imefika mahali mwalimu mwenyewe imemshinda. Amesema tutafute usaidizi wa nje."

"Woiye!" likasema kanisa zima.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mwenyekiti wa akina mama, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa boma la jirani, alikuja akaniwekea mkono kichwani. Akaomba niishinde hesabu kama Daudi alivyomshinda Goliathi. Tena akaikemea hiyo hesabu. Tulipotoka, mambo yakazidi. Desturi yetu ilikuwa kusalimiana kwa mstari. Wa kwanza kutoka anasimama nje, wa pili anamsalimu kwa mkono na kusimama kando yake, wa tatu anawasalimu wote wawili na kujiunga nao, hivyo hivyo mpaka kila mtu ameshikana mkono na kila mtu. Jumapili hiyo kila mkono nilioushika ulikuja na neno lile lile: "Pole na hesabu."

Nyumbani nikawaka. Nilimwambia nyanya kwamba mimi ni wa kwanza darasani, na kwamba amenifanya kuwa mjinga wa Rongai nzima. Yeye akageuza githeri. "Nyamaza ukule," akasema.

Na kweli kulikuwa na vya kula. Jirani wa ng'ambo ya reli alileta mursik, maziwa ya mgando, kwenye kibuyu chake, ile yenye masizi na harufu ya moshi, akasema inafungua kichwa. Mwingine akaleta samaki, nami nikaamriwa nisiache kichwa chake. Mwenyekiti akapita na mayai. Sijawahi kula vizuri maishani mwangu kama nilivyokula nikiwa mgonjwa wa hesabu.

Ndipo akaja mwalimu mstaafu. Alikuwa mwanamke mrefu, mfugaji wa kuku, aliyewafundisha nusu ya watu wa Rongai kuzidisha kwa msaada wa rula. Alikuwa kanisani siku ile na alikuwa amejitolea kuniokoa. Alifika Jumamosi na gambuti zake miguuni, akaketi kwenye kigoda, akaanza bila salamu ndefu.

"Saba mara nane?"

"Hamsini na sita."

"Kumi na saba mara kumi na tatu?"

"Mia mbili ishirini na moja."

Alipanda na namba, nami nikapanda nazo, mpaka akaanza kukunja uso kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Hapo nikapata ujasiri. Nikamwambia kuna jambo nililiona nikipukuchua mahindi. Ukichukua sabini na mbili ukaigeuza, inakuwa ishirini na saba. Toa ndogo kwenye kubwa, unapata arobaini na tano. Fanya hivyo kwa namba yoyote ya tarakimu mbili, na jibu litagawanyika kwa tisa kila mara. Je, kwa nini? Mimi nina sababu, nikamwambia, lakini sijui kama ni sababu nzuri.

Mwalimu mstaafu alishika gunzi la mahindi akaandika vumbini. Akafuta kwa gambuti, akaandika tena. Chai yake ikaota utando. Kisha akaniuliza sababu yangu, nikampa, akaitikia polepole kwa kichwa.

"Huyu si mgonjwa," akamwambia nyanya. "Huyu ana njaa."

"Hata mimi najua," nyanya akajibu. "Kwani mwenye njaa haombewi?"

Wakatazamana. Halafu yule mwalimu mkali, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, akacheka hadi akashika mbavu. Hakumwambia mtu kanisani neno hata moja.

Yeye naye alikiri kwamba ghala lake lilikuwa dogo kwangu, lakini alijua pa kubisha. Mmoja wa wale aliowazidishia kwa rula alikuwa sasa mwalimu wa hesabu katika shule kubwa mjini Nakuru, na alikuwa na maswali ya mashindano. Maswali hayo yakaanza kunijia kwa pikapu ya maziwa. Kila asubuhi pikapu hiyo ilipita ikikusanya maziwa yetu, na mchana ikarudi na mikebe mitupu ikigongana ngo ngo ngo barabara nzima. Kwenye mkono wa mkebe wetu kulifungwa mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko kulikuwa na swali. Majibu yangu yaliondoka asubuhi pamoja na maziwa, yakarudi na wino mwekundu: "Vizuri," au "Jaribu njia fupi," au "Kwa nini?" Karatasi zote zilinuka maziwa yaliyolala. Hadi leo nikifungua maziwa lala nahisi nimeletewa swali.

"Mgonjwa wetu aje?" dereva aliniuliza kila mara, akinipa mfuko.

"Anaendelea."

Siku moja likaja swali lililonikataa. Nililala nalo, nikaamka nalo, nikalikatia nyasi, nikalikamulia ng'ombe. Nikifika mahali njia inaziba, narudi mwanzo. Sikuwa nimewahi kushindwa na swali kwa zaidi ya dakika chache, na nakuambia ukweli, nilifurahi mno. Nilikuwa kama mtoto aliyezoea kuoga kwa beseni, akaonyeshwa ziwa. Hatimaye maombi ya akina mama yalikuwa ya haki: nilikuwa na shida ya hesabu.

Kisha ukaja mfuko ambao haukuwa na swali. Mwalimu wa mjini alikuwa ameandika kwamba kuna mashindano Nakuru Jumamosi inayokuja, na kwamba watakaofanya vizuri wataingizwa katika darasa la Jumamosi linalofundishwa na watu wa chuo kikuu. Nilisoma ule mstari hadi nikaukariri. Nilijua ndiyo nafasi yenyewe. Mwalimu wangu wa shule alikuwa amefika mwisho, mwalimu mstaafu amefika mwisho, na mifuko ya nailoni nayo ingefika mwisho siku moja.

Lakini Jumamosi hiyo hiyo ilikuwa zamu yetu ya mashine.

Mashine ya kupukuchua mahindi ilikuwa moja kwa mtaa mzima. Ilivutwa na trekta kutoka boma hadi boma kwa zamu, na ukipitwa na zamu yako unarudi mkiani mwa foleni. Mwaka huo mvua zilikuwa hazijui kwao ni wapi. Mawingu yalijikusanya kila alasiri upande wa Menengai, na mahindi yetu yalikuwa yamelala uwanjani chini ya turubai lenye matobo. Kazi ya mashine inataka watu: wa kulisha mahindi, wa kushika gunia, wa kushona, wa kuondoa magunzi. Nyanya alikuwa na mimi tu.

"Haya mahindi ndiyo karo yako," akaniambia. "Yakinyeshewa, hata hii shule ndogo hutaiona."

Sikubishana naye, maana alisema kweli. Nilienda nyuma ya ghala nikalia kimya kimya, na nikarudi na kuni ili aone nilikuwa na kazi. Aliona macho yangu, akafunga kitambaa chake cha chama, akaenda mkutano wa akina mama. Hakuniambia alichokwenda kusema, na aliporudi alinituma maji.

Jumamosi alfajiri mbwa alibweka mfululizo. Nilifungua mlango nikaona akina mama wa kanisa wanaingia langoni, wamejifunga leso kiunoni na vitambaa puani, wana sindano za magunia mikononi. Mwenyekiti alitangulia.

"Mtoto hawezi kosa kliniki juu ya mahindi," akasema. "Wewe enda. Vaa sweta."

Nyanya alisimama mlangoni na birika mkononi, machozi yakimtiririka, na hakuyafuta. Ni hapo nilipojua jinsi nilivyopendwa, na sikujua niiweke wapi hiyo habari. Nikavaa sweta.

Tulikwenda kwa ile pikapu ya maziwa, mimi na mwalimu mstaafu, tumebanana mbele na dereva, mikebe ikigongana nyuma yetu. Dereva aliendesha polepole kuliko siku zote, akisema hatikisi mgonjwa. Ukumbini nilikuta wanafunzi wenye blazia na vikokotoo, wakisemezana kama watu wa boma moja. Mimi nilinuka maziwa. Nikageuza karatasi.

Swali moja lilisema hivi: watu walikutana, kila mmoja akamsalimu kila mwenzake kwa mkono mara moja, na salamu zote zikawa mia moja na tisini. Je, walikuwa wangapi? Nikatabasamu peke yangu. Nikaanza kuwatoa kanisani mmoja mmoja. Wa kwanza kutoka hakumsalimu mtu, wa pili alimsalimu mmoja, wa tatu wawili, nami nikajumlisha mpaka nilipofika mia moja na tisini. Wa mwisho alikuwa amewasalimu kumi na tisa. Watu ishirini. Karibu niandike chini yake, pole na hesabu.

Sikuwa wa kwanza, wala wa pili. Lakini walipokuwa wanasoma majina ya watakaoingia darasa la Jumamosi, sisi tukiwa na maandazi mkononi, jina langu lilisomwa, na mwalimu mstaafu akapiga kigelegele mbele ya watu wa chuo kikuu. Mwalimu wa wino mwekundu alikuja kunisalimu. Alikuwa mtu mfupi mwenye haya, na hakujua aseme nini bila karatasi. Akaniuliza tu, "Kwa nini?" Tukacheka wote watatu.

Tuliporudi, mahindi yote yalikuwa kwenye magunia, yameshonwa na kuingizwa ndani, na matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yanaanza kugonga mabati. Akina mama walikuwa wameketi barazani, weupe kwa vumbi la mahindi kuanzia nywele hadi nyusi, wanakunywa chai. Mwenyekiti aliinuka.

"Daktari alisema aje?"

"Amesema arudi kila Jumamosi," mwalimu mstaafu akajibu kwa uso mkavu.

"Woiye, kila Jumamosi!" Akina mama wakatikisa vichwa. "Basi sisi hatutachoka. Tutakuja."

Na walikuja. Kila Jumamosi, kwa zamu kama ya mashine, mmoja wao alikuja kumchotea nyanya maji na kukata nyasi ili mimi niende Nakuru. Nilipomaliza shule na kuitwa chuo kikuu kusomea hesabu, nyanya alisimama hatimaye kwenye nafasi ya shukrani, na jogoo mwekundu kwapani. Kanisa liliimba mpaka jogoo akaimba nalo. Walisema sijaponywa tu, nimeponywa kupita kiasi.

Usiku wa kufunga sanduku, nilimuuliza nyanya kwa nini hakuwahi kuwaeleza.

"Ningewaambia wewe ni mjanja, wangenipongeza, kisha wangeenda kwao," akasema. "Mtoto hodari ni wa mama yake. Mtoto mwenye shida ni wa watu wote."

Nyanya hayupo tena, wala mwalimu mstaafu. Maziwa ya Rongai yanachukuliwa na lori la tangi, lisilo na mikebe ya kurudisha. Hata mstari wa salamu umekufa. Tangu ule ugonjwa wa kufunika pua watu hugonganisha ngumi na kukimbilia magari. Binti yangu anaweza kupata maswali ya dunia nzima kwenye simu, na nimemtafutia, na anayafanya. Lakini anayafanya peke yake chumbani, na hakuna dereva wa kumuuliza mgonjwa anaendeleaje. Nadhani hilo ndilo linalompoza.

Kwa hiyo Jumapili nilimpeleka Rongai. Ilipofika nafasi ya maombi nikasimama. Nilisikia binti yangu akinong'ona, "Mami, please, usiseme kitu," lakini nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Binti yangu ana shida ya hesabu," nikasema. "Walimu imewashinda. Tunatafuta usaidizi wa nje."

Kisha kutoka kiti cha mbele kabisa, kikongwe mmoja akageuka taratibu, mkono juu ya fimbo. Mwili ulikuwa umepungua nusu, lakini sauti ilikuwa bado ile ya kuita ng'ombe wa boma la jirani.

"Ni ile ilikushika wewe?"

"Ndiyo hiyo hiyo, mama."

"Kumbe iko kwa damu." Akamtazama binti yangu kwa huruma kubwa, akamwashiria aje mbele, na mkono wake ukaanza kuinuka kuelekea kichwa cha mtoto. "Usiogope. Hiyo tunaijua. Inaponanga, lakini inataka watu."